HERI YA KWELI: MAISHA YA KASISI APOLO KIVEBULAYA, KUTOKA KAMPALA HADI BOGA



Kila mwaka tarehe 30 Mei makanisa ya Kianglikana ya Uganda na Kongo humkumbuka Kasisi Apolo Kivebulaya, aliyefariki huko Boga mwaka 1933. Kamati imeona vema toleo hili la ukumbusho lieleze maisha yake, na sababu ni mbili. Kwanza, alikuwa mwananchi wa nchi hii iliyotupokea, akafia katika nchi ambayo wengi wetu tumeitoka. Pili, kuna neno moja linalowasumbua watu wengi hapa kambini, nalo ni neno baraka.

Siku hizi mtu akiitwa ofisini kwa mahojiano ya kupelekwa nchi ya tatu, majirani husema amebarikiwa. Jina lake lisipotoka, wapo wanaonong'ona kwamba nyumba yake ina laana, au kwamba hasali vya kutosha. Wako hata wahubiri wanaopita wakifundisha hivyo hadharani. Mama mjane ambaye faili lake limekaa miaka mingi bila jibu anarudi nyumbani amebeba mizigo miwili: umaskini wake, na aibu ya kudhaniwa kwamba Mungu amemwacha. Je, hayo ndiyo Yesu aliyoyafundisha juu ya heri? Tumtazame Apolo, kisha tujibu.

KILIMA CHA KAMPALA YA ZAMANI

Wengi wetu tuliofika mjini Kampala tunakifahamu kilima cha Old Kampala. Kwa miaka mingi waomba hifadhi wa mjini waliandikishwa katika kituo cha polisi cha pale. Walikaa kando ya barabara tangu alfajiri wakiwa na watoto na mabegi. Juu ya kilima umesimama Msikiti wa Taifa wa Uganda, uliofunguliwa rasmi mwaka 2008, na kutoka kwenye mnara wake mtu huona mji wote.

Zamani hapakuwa na mji. Wazee wa Buganda husimulia kwamba swala walikuwa wakilisha katika vilima hivyo, na jina Kampala linatokana na swala hao. Mwezi wa Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard, mtu wa kampuni ya Waingereza iliyotaka kutawala Afrika Mashariki, alifika akapiga hema juu ya kilima hicho, akajenga ngome. Baadaye serikali ilipohamia kilima cha Nakasero, cha kwanza kikabaki na jina la Kampala ya Zamani.

Jirani na ngome hiyo kuna vilima vingine. Mengo palikuwa na jumba la Kabaka Mwanga. Namirembe palikuwa pa Waprotestanti, na Rubaga palikuwa pa Wakatoliki. Mtu angeweza kutembea kwa mguu kutoka kimoja hadi kingine kabla jua halijawa kali. Lakini tarehe 24 Januari 1892 watu wa vilima hivyo walipigana. Walikuwa Wakristo kwa Wakristo, na bunduki za Lugard zikawasaidia Waprotestanti kutoka ngomeni. Wakatoliki walishindwa, wengi wakakimbilia Buddu, na Kabaka mwenyewe akakimbia kisiwani. Kabla ya hapo, mwaka 1888, Wakristo wote walikuwa wamefukuzwa na upande wa Waislamu, wakaenda kuishi Ankole kama wakimbizi. Katika miaka minne tu kila dini ilikuwa imeonja ushindi, na kila dini ilikuwa imeonja ukimbizi.

Katika siku hizo walioshinda walipata utemi, mashamba na vyeo. Watu waliwatazama wakasema hao ndio waliobarikiwa. Hapo ndipo Apolo alipokulia.

ASKARI ALIYEKUWA MSOMAJI

Alizaliwa huko Ssingo, magharibi ya Kampala, yapata mwaka 1864. Alikuwa pacha, kwa hiyo akaitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa mtoto wa kiume aliyetangulia katika mapacha. Katika ujana wake alifundishwa dini ya Kiislamu kwa muda, kisha akafundishwa na Alexander Mackay, mmisionari Mskoti aliyekuja Buganda mwaka 1878. Mackay alikuwa fundi wa mikono, na alichapisha kurasa za Maandiko kwa Kiganda. Wakati huo mtu aliyeifuata dini mpya aliitwa msomaji, maana hakuna aliyebatizwa kabla ya kujua kusoma. Mwaka 1886 Mwanga aliwaua vijana wengi wa wasomaji hao, Wakatoliki na Waprotestanti, na wengi wao waliteketezwa kwa moto pale Namugongo.

Waswa hakuwa mmoja wa mashahidi. Alikuwa kijana wa bunduki, mtu wa vita vya wakati ule. Mwaka 1891 alikwenda magharibi katika safari ya Lugard, iliyomrudisha Kasagama kwenye kiti cha Toro. Kasagama naye alikuwa mkimbizi, kwa kuwa nchi yake ilikuwa imetekwa na Kabalega wa Bunyoro. Katika safari hiyo Waswa aliiona milima ya Ruwenzori. Aliwaona pia watu ambao bado hawakuwa na mwalimu.

Alirudi Kampala akaendelea kusoma. Mwezi wa Januari 1895 alibatizwa akapewa jina la Apolo. Jina lake la pili watu walimpa kwa sababu ya mavazi: alipenda kuvaa koti jekundu la kiaskari pamoja na kanzu yake nyeupe, wakamwita Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya.

Tufikiri hali yake wakati huo. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, anajua kusoma, anajua silaha, naye ni wa upande ulioshinda. Kampala ilikuwa ikianza kukua, na mtu kama yeye angeweza kutafuta cheo na shamba. Mwaka huo huo wa 1895 walitakiwa walimu wa kwenda Toro. Kazi ilikuwa ya mbali, na malipo yake yalikuwa madogo. Apolo alijitolea.

BOGA NA KIFUNGO

Mwaka 1896 alitumwa mbele zaidi, kuivuka mto Semliki hadi Boga, nchi ya Mtawala Tabaro. Walimu wa Kiganda waliomtangulia pale walikuwa wameshindwa kukaa, kwa sababu walinyimwa chakula. Apolo alishika jembe akalima mwenyewe, akajenga, akaanza kufundisha watu kusoma.

Mwanzoni Tabaro hakumzuia. Lakini mwalimu alipoanza kukemea ulevi na mambo mengine ya baraza, urafiki uliisha. Kisha ikatokea ajali: mwanamke wa jamaa ya Tabaro aliangukia mkuki akafa. Apolo alishitakiwa kwamba ndiye aliyemwua. Alipigwa, akafungwa, akapelekwa Toro mbele ya wakubwa wa Kiingereza, akatiwa gerezani. Alikuwa mgeni katika nchi ya watu, hana ndugu wa kumtetea, na anayemshitaki ni mtawala. Wasomaji wetu wengi wanaifahamu hali hiyo bila kuelezwa.

Yeye mwenyewe alishuhudia baadaye kwamba katika kifungo hicho alimwona Kristo katika maono, anang'aa kama jua, naye akamwambia asiogope kwa kuwa yuko pamoja naye. Ni vema tuangalie jambo hilo kwa makini. Katika maono hayo hakuahidiwa kufunguliwa, wala kwamba Tabaro atapigwa. Aliahidiwa kwamba hayuko peke yake. Tangu siku hiyo, watu waliomjua walisema, woga ulimtoka.

Baadaye ilionekana hana hatia, akaachiliwa. Watu wangemwelewa kama angerudi kwao Buganda. Alirudi Boga, kwa mtu yule yule aliyemfunga. Hakudai fidia, na hakwenda na askari. Alianza tena kufundisha. Mwishowe Tabaro mwenyewe alikuja kutaka kufundishwa, akabatizwa kwa jina la Paulo, akawa rafiki na mlinzi wa kanisa la Boga.

MPAKA NA MSITU

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Miaka mingi ya katikati aliitumia Toro, akitembea kwa mguu kijiji hadi kijiji. Wakati huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakipima mipaka, na ilipokwisha kupimwa Boga ikaonekana iko upande wa Wabelgiji. Watu wale wale, wenye lugha ile ile na jamaa zile zile, wakawa nchi mbili. Ndugu Wakongo tunajua matokeo yake: tukivuka Semliki leo tunaitwa wageni katika nchi ambayo babu zetu walikuja kuoa na kuuza ng'ombe.

Karibu na mwaka 1915 Apolo alirudi Boga, akakaa huko hadi kufa. Mwaka 1922 alipewa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, kile kilima kilicho jirani na Kampala ya Zamani. Heshima aliipokea, kisha akarudi kwenye nyumba yake ya Boga. Katika miaka hiyo aliishi bila mke wala watoto wa kuzaa, na nyumba yake ilikuwa wazi kwa vijana na wageni.

Tangu mwaka 1921 aliingia msituni kwa Wambuti. Watu wa vijijini waliwaita mbilikimo, wakawadharau, wakawatumia katika kazi bila kuwahesabu kuwa sawa nao. Apolo aliketi nao, akala nao, akajitahidi kujua lugha yao. Mwaka 1932 wa kwanza wao walibatizwa. Alikuwa mzee sasa, na moyo wake ulikuwa na ugonjwa.

Alipojua kwamba anakufa, aliagiza jambo moja juu ya kaburi lake. Ilikuwa desturi kumlaza mfu kichwa kikielekea mashariki. Yeye alitaka chake kielekee magharibi, upande wa msitu wa Kongo, kwa sababu kazi ilikuwa bado iko huko. Alifariki tarehe 30 Mei 1933, akazikwa hivyo.

HERI NI NINI BASI?

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, Yesu anapanda mlimani, anaketi, na jambo la kwanza analofundisha ni heri. Anawataja maskini wa roho, wenye huzuni, wapole, wenye njaa na kiu ya haki, wenye rehema, wenye moyo safi, wapatanishi, na wanaoudhiwa kwa ajili ya haki. Katika Luka, sura ya 6, heri ni nne, na kila heri ina ole yake: ole kwa matajiri, kwa walioshiba, kwa wanaocheka, kwa wanaosifiwa na wote.

Kiswahili chetu kina maneno mawili, baraka na heri, na watu huyachanganya. Kigiriki cha Injili pia kina maneno mawili. Neno la mlimani ni makarios, nalo halimaanishi kitu mtu alichopewa mkononi. Linaeleza hali ya mtu mbele za Mungu: huyu yuko mahali pazuri, hata kama macho yetu hayaoni. Ndiyo maana laweza kusemwa juu ya mtu anayelia. Kadi ya posho, nyumba ya bati, tiketi ya ndege, hizo ni zawadi njema, na anayezipata amshukuru Mungu. Lakini si kipimo cha heri. Kama vingekuwa kipimo, basi Apolo gerezani alikuwa amelaaniwa, na askari walioshinda pale Kampala walikuwa watakatifu.

Tuyaangalie maisha yake tena kwa kufuata mafundisho hayo. Aliacha upande wa nguvu, akawa maskini kwa hiari. Alishitakiwa uongo, na hakulipiza. Alipatana na adui yake mpaka adui akawa ndugu. Aliwaheshimu waliodharauliwa na wote. Heri yake haikumjia baada ya shida kwisha. Ilikuwa naye ndani ya shida, nayo ilionekana katika yale aliyowatendea wengine.

TUSIPOTOSHE MAFUNDISHO HAYA

Hapa tunaomba kila msomaji awe mwangalifu, maana yako makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la wahubiri wanaouza baraka. Wanamwambia mkimbizi atoe sadaka ya mwisho ili jina lake litoke. Hakuna heri hata moja mlimani iliyoahidi safari, na hakuna iliyowekewa bei.

Kosa la pili ni la kusema kwamba maskini wana heri, kwa hiyo waachwe walivyo. Yesu hakusema njaa ni njema. Aliahidi kwamba wenye njaa watashibishwa na wanaolia watafarijiwa, na ahadi hiyo inamdai kila anayeisikia. Mwezi wa Aprili 2020 posho ya wakimbizi nchini Uganda ilipunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena. Hiyo haikuwa heri. Ilikuwa hasara kwa watoto wetu, na kuisema wazi ni sehemu ya kuwa na njaa ya haki. Tena kuna tofauti kati yetu na Apolo ambayo lazima tuiseme: yeye alichagua kwenda, na sisi tulifukuzwa. Hatuwezi kumwambia aliyefukuzwa kwamba kufukuzwa kwake ni zawadi.

Jambo hili si la kubahatisha kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, ukiwa ndio usiku unaofuata sikukuu ya Apolo, watu wenye silaha walishambulia Boga na kijiji cha Tchabi. Waliuawa watu zaidi ya 50, wakiwamo waliokuwa wamekimbia vita na kukaa katika kambi pale pale karibu na Boga. Waliouawa hawakukosa imani, wala sisi tuliosalimika hatukupona kwa sababu ya ubora wetu. Mtu akija kwenye msiba kama huo na kupima nani alibarikiwa na nani hakubarikiwa, anamwongezea mfiwa jeraha. Heri ya wenye huzuni yasema kwamba Mungu yuko upande wa anayelia. Basi na sisi tukae upande huo huo: tupeleke maji, tuchimbe kaburi, tukeshe na mfiwa, tulee yatima.

KWETU HAPA KAMBINI

Kwa wale walioitwa kwenda nchi ya tatu: nendeni kwa furaha, na mkifika msiwasahau mliowaacha. Kwenda kwenu si alama kwamba mlipendwa kuliko sisi.

Kwa wale ambao majina yao hayajatoka: msikubali mtu awaambie mmelaaniwa. Faili hukaa kwa sababu za ofisi, za serikali za mbali, za idadi ya nafasi. Halikai kwa sababu Mungu amelifunga. Endeleeni kuuliza habari zake kwa adabu na bila kuchoka, kwa maana hiyo ni haki yenu.

Kwa ndugu zetu Waislamu: tumeeleza hapa mafundisho ya Kikristo kwa sababu tunamkumbuka kasisi, lakini tunajua subira na rehema mnafundishwa pia. Apolo alianza kufundishwa dini kwenu, na vita vya vilima vya Kampala vinatuonya sote jinsi watu wa Mungu wanavyoweza kugeuzana wakimbizi.

Kwa wafanyakazi wa mashirika: mtu mnayemwona dirishani na kadi mkononi huenda ndiye mpatanishi wa mtaa wake, au ndiye anayelea watoto watatu wasio wake. Fomu haina nafasi ya kuandika hayo. Mpokeeni kama mtu anayewajua wengine na anayewatumikia, si kama namba tu.

Na kwa sote: hapa kambini kuna watu wa makabila yaliyopigana Ituri tangu mwaka 1999. Tunachota maji katika bomba moja. Ugomvi wa foleni ukianza, mtu mmoja akisimama katikati na kuutuliza kabla haujawa wa kabila, huyo ametajwa mlimani kwa cheo kikubwa kuliko vyote, kwamba ataitwa mwana wa Mungu. Hahitaji kungoja jina lake litoke kwenye ubao wa matangazo.

Kaburi la Apolo liko Boga. Wengine wetu wamelala karibu nalo, na wengine tunatumaini kurudi siku moja. Mungu awafariji wafiwa, awalinde walio njiani, na ailinde kambi yetu kwa amani.

Kamati ya Wakimbizi, Idara ya Habari